Kona za Timazi Hazipimwi

Jina alilopewa na wazazi wake tuliweke kando, maana hata mke wake alikuwa amekaribia kulisahau. Kila mtu alimwita Timazi. Kama hujawahi kusimama karibu na waashi, timazi ni kile kipande kizito cha chuma kinachofungwa kwenye uzi na kuning'inizwa, ili fundi aone kama ukuta umesimama wima au umelala. Kila mwashi analo na kila mwashi analitumia. Huyu wetu hakulitumia, na ndiyo sababu ya jina. Alikuwa anafumba jicho moja, anarudi nyuma hatua mbili, anausonya ukuta kidogo kama vile umemtukana, kisha anagonga tofali kwa mpini wa mwiko. Ta, ta. Basi, kwisha kazi. Ukileta timazi uhakikishe, uzi unashuka sambamba na matofali kuanzia juu mpaka chini, hadi wewe unakasirika.

Watu walikuwa wakiwekeana soda. Fundi mgeni akifika kazini, wenyeji wanamnong'oneza, "Hebu bishana naye uone." Mgeni anabisha, timazi linaletwa, mgeni ananunua soda huku akikuna kichwa. Miaka ishirini na sita ya soda hizo. Na bwana huyu alipenda sifa, tusimfichie. Timazi lake mwenyewe, la shaba, alilopewa na fundi aliyemfundisha kazi, alilitundika msumarini nyuma ya mlango wa sebule. "Hilo ni pambo," aliwaambia wageni. "La kazi liko hapa." Na anajigusa kope.

Ikafika mahali pakawa na desturi, hakuna aliyeiandika popote lakini kila mmoja aliijua: kona za Timazi hazipimwi. Ukuta hujengwa na waashi wawili. Fundi mkubwa anapandisha kona mbili, uzi unavutwa kutoka kona hadi kona, na mwenzake anajaza katikati akiufuata huo uzi. Msimamizi akija na vyombo vyake anapima katikati, anapima madirisha, anapima milango. Kona anazipita tu. Kupima kona ya Timazi kungekuwa kama kumnusa imamu au padri kinywa, nani ana uso huo?

Sasa mtu wa namna hiyo, dunia ikianza kumzunguka, atamwambia nani?

Ilianza na sikio la kushoto. Asubuhi moja aliamka akalikuta limeziba, kana kwamba mtu kalishindilia pamba, na ndani ya ile pamba nyenje analia. Akatikisa kichwa. Akabana pua akapuliza. Akatia mafuta ya vuguvugu, kama alivyofanyiwa utotoni. Wapi! Nyenje alizidi kulia tu, ngiiii, bila kupumzika wala kumeza mate. Siku ya tatu, akiwa bafuni ameinama kuchota maji, sakafu ikaondoka. Hakuteleza, hapana. Alikuwa amesimama palepale na sakafu ikaondoka, ukuta ukaenda kulia, ndoo ikaufuata ukuta, na yeye akajikuta chini, uchi wa mnyama, ameshika bomba kwa mikono miwili akitapika chai ya asubuhi.

Mke wake akagonga mlango. "Baba watoto, umelala humo?"

"Naoga!"

"Mbona maji hayamwagiki?"

"Najisugua!"

Mtu mzima wa miaka hamsini na miwili, amekaa kwenye matapishi yake, anapiga kelele kwamba anajisugua. Aliona aibu mpaka masikio yakamchemka, na hayo masikio yenyewe ndiyo yaliyokuwa na kesi.

Hali ikawa inakuja na kuondoka. Wiki mbili mzima kabisa, anasahau, anaanza tena kutamba. Kisha siku moja sikio linajaa, nyenje anapandisha sauti, na kabla hajakaa vizuri dunia inazunguka. Akajifunza ujanja. Akajifunza kutembea karibu na kuta. Akajifunza kukohoa sana ili watu wadhani ni kifua. Akajifunza kukaa upande ambao sikio la kulia linamwelekea msemaji, na asiposikia, anacheka. Akiona wenzake hawacheki, anakunja uso. Siku moja jirani, mama mmoja ambaye mdomo wake hauna pazia, alimkuta saa mbili asubuhi ameukumbatia uzio wake wa mabati.

"He! Mapema yote hii, fundi?" akasema, na akafanya kidole gumba kama shingo ya chupa mdomoni.

Tangu azaliwe, tone la pombe halijapita kooni mwake. Na bado alicheka, akajifanya amekamatwa. Alipiga hesabu yake harakaharaka hapo kwenye uzio: mlevi kesho anaamka mzima, lakini mwashi mwenye kizunguzungu nani atampandisha jukwaani? Afadhali achekwe. Akaenda zake akiyumba, na kicheko cha yule mama kikamfuata hadi kona ya barabara.

Hapo sasa tumlete shemeji. Huyu alikuwa ndugu wa mke wake, mdogo wake wa mwisho, na ndiye aliyejaza katikati. Pombe aliijua vizuri huyu; ilimla miaka kumi, ikamla ndoa, ikamla meno mawili ya mbele. Timazi ndiye aliyemtoa huko. Alimleta kazini, akamfundisha kushika mwiko, akasimama mbele ya msimamizi akasema, "Huyu ni wangu, akiharibu niulizeni mimi." Na shemeji hakuharibu. Mwaka wa tatu sasa alikuwa anakunywa maji na chai tu, na alikuwa na chupa yake ya maji ya plastiki inayoonekana hadi ndani, aliyoinunua makusudi ili kila mtu aone kilichomo.

Walikuwa wanajenga madarasa matatu. Kwenye darasa la mwisho, Jumanne moja, Timazi amefika kozi ya saba, yaani mstari wa saba wa matofali, kwenye kona ya kushoto, nyenje akapandisha sauti. Akaukumbatia ukuta. Akaweka shavu kwenye matofali mabichi, akafumba macho, akangoja. Shemeji alikuwa upande wa pili, hatua kumi na tano, ameinamia karai lake. Timazi alijiambia kwamba mwenzake hakuona. Baada ya muda dunia ikatulia, au tuseme ilipunguza mwendo. Akajifuta saruji shavuni, akarudi hatua mbili, akafumba jicho. Kona ilionekana sawa. Akaendelea.

"Shemeji," yule mwenzake akaita, "leo tusiiangalie na timazi? Hivi tu, kujiridhisha."

"Toka lini?" Timazi akafoka. "Umenifundisha kazi wewe? Fuata uzi wako!"

Shemeji akafuata uzi wake.

Miezi miwili ikapita, likapigwa paa, akaja seremala kutundika milango. Seremala yule alikuwa mtu wa utani, hata msibani anatafutiwa mtu wa kumshika mdomo. Mlango wa darasa la kwanza ukakaa. Wa pili ukakaa. Wa tatu aliufungua, akauachia, ukajifunga. Akaufungua tena, akauachia. Ukajifunga polepole, kwa heshima, kama kuna mtu anauvuta.

"Jamani!" seremala akaita. "Njooni muone, darasa hili tayari lina mwalimu wa zamu!"

Wote wakacheka, na Timazi alicheka kuwazidi, huku mgongo umeingiwa na baridi. Msimamizi hakucheka. Alileta vyombo vyake, akapima fremu ya mlango, akapima ukuta unaoishika. Vidole viwili. Ukuta ulikuwa umelala nje vidole viwili. Akapima kwenye dirisha, ikawa hivyohivyo. Fremu iko katikati, dirisha liko katikati, na katikati ni kazi ya nani? Vichwa vyote vikageuka taratibu kumwangalia shemeji, na kutoka kwa shemeji vikashuka kwenye chupa yake ya maji.

"Umerudia," msimamizi akasema. Hata hakuuliza.

Shemeji aligeuka. Alimtazama Timazi. Hakumkazia macho wala hakumkunjia uso. Alimtazama tu, jinsi unavyomtazama mtu aliyeshika kitu chako, ukingoja akupe.

Na Timazi, mwanaume mzima, fundi wa miaka ishirini na sita, akainama akafunga kamba ya kiatu. Kamba haikuwa imefunguka. Akaifungua, akaifunga, akaifungua tena. Alipoinuka, shemeji alikuwa anakusanya mwiko na karai, na hakuna aliyekwenda kupima kona.

Nyumbani ndiko kulikokuwa kugumu zaidi. Mke wake alipopata habari alijifunga khanga kiunoni akaenda moja kwa moja kwa mdogo wake. Akarudi macho mekundu.

"Nimemnusa," akasema. "Nimemshika taya nikamwambia afungue mdomo, nikamnusa kama mbwa anavyonusa. Hanuki kitu. Lakini hawa wana ujanja wao, si wanatafuna majani? Kwa nini anatufanyia hivi? Wewe uliyemsimamia, atakuacha na uso gani?"

Timazi alikuwa na kipande cha mkate mdomoni. Alikitafuna, akakitafuna, mpaka kikawa uji. "Kazi ni kazi," akasema mwishowe, maneno yasiyo na kichwa wala miguu, na mke wake, kwa vile alimheshimu, akadhani ni busara.

Siku tisa alikaa na jambo hilo. Akipita mbele ya mlango wa sebule, lile timazi la shaba linacheza kidogo kwenye msumari wake, naye anaangalia pembeni. Kazini walimpa pole: pole fundi, ndugu wa mke ni mzigo. Alizipokea pole hizo zote. Hebu fikiria, mtu unapokea pole kwa kosa lako mwenyewe, na unasema ahsante.

Siku ya kumi ilimkamata chumbani, mchana, alipokuwa anavaa shati. Mke wake aliingia akamkuta chini, ameushika mguu wa kitanda kwa mikono yote miwili, macho yanamkimbia upande upande, jasho linamtiririka.

"Usiwaite watu," ndilo neno la kwanza alilosema. "Nakuomba, mama watoto. Usiwaite watu."

Hakuwaita. Alimshikia beseni, akamfuta, na dunia ilipotulia akamwambia, "Vaa viatu." Wakaenda zahanati.

Daktari alikuwa dada mmoja mdogo kuliko binti yao mkubwa, mpole, lakini maswali yake yalikuwa ya kunyooka. Alimchungulia masikio, akamgongea kijichuma kinacholia akamsogezea huku na huku, akamtembeza kwenye mstari wa sakafu macho yamefumbwa. Timazi alitoka nje ya mstari kwa hatua ya tatu. Daktari akaeleza kwamba ndani kabisa ya sikio kuna maji yanayomwambia mtu kama amesimama au ameanguka, na ya kwake yanazidi, yanadanganya. Kwamba huu si ulevi, si uzee, si mkono wa mtu. Kwamba zipo dawa za kupunguza makali, na chumvi aipunguze sana, lakini ule mlio huenda akaishi nao. "Jukwaani usipande kwa sasa. Na ikikujia, mzee, usipigane nayo. Kaa chini, tafuta kitu kimoja kisichotikisika, ukikazie macho mpaka ipite. Ilianza lini?"

"Kama miezi minne."

Mke wake alikuwa anakunja karatasi ya dawa. Mikono ikasimama. Timazi aliusikia ule ukimya hata kwa sikio bovu.

Walitoka, wakafika kwenye benchi la wagonjwa lililo nje, mke akakaa. "Ule ukuta mliujenga lini?"

"Miezi miwili iliyopita."

"Kona alipandisha nani?"

"Mimi."

Alitikisa kichwa taratibu, kwa muda mrefu. Wagonjwa wengine walikuwa wanapita na kadi zao mkononi. "Mimi nimemnusa ndugu yangu mdomo," akasema. "Mtoto niliyembeba mgongoni. Na wewe ulikuwa umekaa pale unakula mkate."

Timazi alitamani mke wake angemfokea, angemwita mshenzi, angalau apate cha kujibu. Hakumfokea. Alisimama akatangulia njiani, na kwa mara ya kwanza katika miaka yote ya ndoa yao hakugeuka kuangalia kama mume wake anamfuata.

Jioni ileile, jua bado halijazama, Timazi alikwenda kwa shemeji. Alimkuta kakaa kwenye kizingiti cha chumba chake anaosha mwiko usio na uchafu. Timazi alikuwa ametunga maneno njia nzima, yote yakayeyuka. "Ni kona yangu," akasema. "Ni mimi. Nina ugonjwa wa kizunguzungu, kwenye sikio."

"Najua," shemeji akasema.

"Unajua?"

"Nilikuona umekumbatia ukuta. Nikakwambia tuupime, ukanifokea. Nikafuata uzi, nao ulikuwa umelala." Aliendelea kuosha. "Nami nilijua umelala. Hilo ni langu, silikani."

"Sasa mbona hukusema? Mbele ya msimamizi?"

Shemeji aliinua uso. "Nisemeje? Nani angeamini maneno ya mlevi juu ya kona ya Timazi?" Akaweka mwiko chini. "Nilikuwa nakungoja wewe. Siku ya kwanza nikasema, ana aibu, atasema kesho. Siku ya pili vilevile. Jumamosi nikafika mpaka mlangoni mwa baa. Nikashika kitasa kabisa, shemeji. Nikasema, kama wote wameshaniona nimelewa, dada yangu ameninusa, basi ya nini kujinyima? Sijui hata nilirudi vipi. Hii kesho sina hakika nayo. Nakwambia kweli, hii kesho sina hakika nayo."

Timazi alitaka kumshika bega, mkono ukakataa kuinuka. Aliona hana haki ya bega lile. "Njoo kazini asubuhi," akasema.

"Nilifukuzwa pale. Siji."

Asubuhi Timazi aliling'oa timazi la shaba kwenye msumari. Lilikuwa na vumbi na utando wa buibui; akalifuta kwa shati. Mke wake alikuwa jikoni, akaona, hakuuliza. Alimwekea chai, na yai lisilo na chumvi.

Kazini watu walikuwa wanasubiri saa ifike waanze. Alikwenda moja kwa moja kwa seremala. "Chukua hili. Panda ngazi, uliteremshe kutoka juu ya kona ya kushoto, darasa la tatu."

"Kona yako?" seremala akacheka. "Fundi, unataka soda asubuhi hii?"

"Panda."

Kulikuwa na kitu kwenye sauti ile, maana seremala, kwa mara moja maishani, alifunga mdomo akapanda. Msimamizi akasogea. Wachanganya zege wakaacha mabeleshi. Uzi ukashuka, shaba ikayumba kushoto, ikayumba kulia, ikapunguza, ikasimama. Ikasimama mbali na matofali ya chini. Vidole vitatu. Hata aliye mbali angeona.

Timazi aliona nyuso zao, na alichokiona hakikuwa hasira. Walikuwa wanaangalia chini na pembeni, kama watu waliomfumania mkubwa wao bafuni. Wakati huo ndipo alipojua kwamba hii ndiyo aibu yenyewe, na zile nyingine zote zilikuwa mazoezi.

"Katikati imefuata kona," akasema. Sauti ilimtoka ndogo. "Nina ugonjwa wa sikio. Napata kizunguzungu, natapika, sisikii upande huu. Nimewaficha. Shemeji yangu aliniambia tupime, nikakataa. Hajanywa. Nilijua hajanywa, na nikafunga kiatu."

Hilo la kiatu hakuna aliyelielewa isipokuwa mmoja. Alikuwa amesimama getini, mikono mifukoni, yule aliyesema haji.

Msimamizi alipumua kwa pua. Alikuwa mtu wa maneno machache na yote makali, lakini siku hiyo alimtazama shemeji, akasema, "Nilikukosea." Kisha akamgeukia Timazi. "Wewe hupandi tena. Kona atapandisha yeye. Wewe utajaza katikati, chini tu. Na ukuta huu unavunjwa."

Walianza kuuvunja siku hiyohiyo, baada ya paa la upande ule kuegemezwa nguzo. Timazi alisafisha matofali yaliyofaa, moja moja, amekaa kwenye kopo lililogeuzwa. Wa kumwita "fundi" walimwita bado, lakini kwa sauti ya chini kidogo, na hakuna aliyetaja soda. Shemeji hakumsemesha. Alipandisha kona kwa timazi la shaba, akipima kila kozi, hata mara mbili, na kila tofali likiwekwa Timazi alivuta uzi wake akaufuata.

Siku ya tatu, kabla ya saa nne, sikio likajaa. Alilijua sasa. Alitazama pa kujificha, nyuma ya choo, nyuma ya rundo la mchanga. Mazoea hayaishi upesi. Kisha akaacha. Akaweka mwiko, akakaa chini palepale, mbele ya watu wote, miguu imenyooka kama ya mtoto, na dunia ikaanza.

Akatafuta kitu kisichotikisika. Vyote vilikuwa vinakimbia: ngazi, ndoo, miguu ya watu. Aliona shemeji anashuka, anakuja na timazi mkononi. Alipiga msumari kwenye ubao wa jukwaa mbele ya uso wa Timazi, akalitundika, akalishika kwa vidole viwili mpaka likatulia, akaliachia.

Mleta mchanga mmoja, mgeni pale, akapita na toroli. "Huyu vipi? Asubuhi yote hii ameshalewa?"

"Anaumwa sikio," shemeji akasema, akirudi kwenye kona yake. "Pitisha toroli lako."

Timazi aliukazia uzi macho. Ulikuwa nyuzi mbili, ukawa tatu, ukarudi mbili. Nyenje alilia ndani ya sikio kwa nguvu zake zote. Watu walimwona akitapika, na yeye aliwaona wakimwona. Taratibu zile nyuzi mbili zikasogeleana, zikawa moja, nayo ikasimama wima. Akafuta mdomo, akaomba maji. Shemeji akamrushia chupa yake, ile inayoonekana hadi ndani.